Kombi Aliyojengewa Nasma

Mjini Kasulu, mtu aliyetaka kuteremka milima ya Kigoma kwa amani alipeleka kwanza gari lake kwa Tamimu. Wenye malori, wenye Landrova za misheni, hata madereva wa mashirika yaliyokuja na wakimbizi, wote walimwamini kwa breki zao. Pikapu yake mwenyewe, kuukuu, aliyokuwa akimbebea dada yake marobota ya nguo za gulioni, ilikuwa ikilia chuma kwa chuma mwezi mzima, na kila jioni alisema kesho ataifungua. Mganga hajigangi. Aprili mwaka 1995, wakitoka Kibondo, mvua ikiwa imetoka kunyesha na udongo mwekundu umekuwa kama sabuni, pikapu ilikataa kusimama mteremkoni. Ilipinduka mara mbili, ikalala ubavu korongoni. Tamimu alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Dada yake Nasma alibebwa na wanakijiji juu ya mlango uliong'olewa nyumba ya mtu, akiuliza miguu yake imewekwa wapi.

Nasma alikuwa amemzidi Tamimu miaka tisa. Mama yao alipofariki, ni yeye aliyemwogesha, akampeleka chuoni akasome, akamnunulia spana zake za kwanza. Mumewe alikufa mapema, hakumwachia mtoto, basi akajitia kwenye biashara ya khanga na vitenge: leo Titye, kesho kutwa Makere, mwisho wa wiki Kibondo. Alipatana bei kwa Kiha kama aliyezaliwa shambani, ingawa baba yao alikuwa mtu wa Ujiji, na hakuna gesti ya njia ile ambayo mmiliki wake hakumjua kwa sauti ya kicheko chake.

Miezi minne baadaye hospitali ilimruhusu. Alirudi na kiti cha magurudumu cha chuma, kizito, msaada wa misheni, pamoja na maagizo ya muuguzi: ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, akikaa kitini ajiinue kwa mikono mara kwa mara, na mgongo wake uangaliwe kila siku, kwa sababu mwili usiohisi hauwezi kulia. Tamimu alimchukua akae kwake. Nyumba ilikuwa na vidato viwili vya saruji mlangoni, na choo kilikuwa uani, mlango wake mwembamba usiopitisha kiti. Kila alipotaka kutoka, Nasma alibebwa. Aliyembeba mara nyingi ni Tunu, mke wa Tamimu, mwanamke mwembamba mwenye nguvu za kushangaza.

"Mdogo wangu," Nasma alimwambia wiki ile ile ya kwanza, "nivunjie hivi vidato. Mwaga zege hapo, pawe na mteremko, niwe natoka barazani mwenyewe. Na mlango wa choo uupanue."

"Kazi ya asubuhi moja hiyo, dada. Kesho."

Kesho yake lori la mahindi lilikuja limekatika ekseli.

Mwezi wa Desemba wakaja Wazungu wawili, mume na mke, wazee, waliokuwa wakivuka Afrika kwa kombi nyeupe. Maji yaliwaishia njiani, injini ikaungua, gari likakokotwa hadi kwa Tamimu. Walisubiri spea wiki tatu, wakala ugali kwa Tunu, mwishowe wakachoka wakaomba lifti ya kwenda Kigoma na kumwachia Tamimu gari pamoja na karatasi zake. Mji mzima ulikuja kulitazama, maana ndani yake mlikuwa na kitanda, jiko la mafiga mawili, sinki, kabati, na mapazia ya maua.

Watu waliona kioja. Tamimu aliona kitu kingine. Alikwenda nyumbani bila kunawa mikono, akachuchumaa mbele ya kiti cha dada yake.

"Utarudi gulioni," alisema. "Nitapanua mlango, nitaweka njia ya kupandia, utaingia na kiti chako. Utalala humo, utapika humo, na choo chako humo humo. Gesti na vidato vyao tutawaachia wenyewe."

Nasma alimtazama. "Nitapanda mwenyewe?"

"Mwenyewe. Hakuna mtu atakayekubeba."

Neno hilo lilimwingia. Katika miezi ile alikuwa amebebwa na makuli, na matingo wa malori, na watu wasiojua wanashika wapi. Aliinamisha uso, na alipouinua alikuwa anatabasamu. Tamimu hakuwa ameliona tabasamu lile tangu korongoni. Kuanzia siku hiyo akawa kama mtu aliyeweka nadhiri.

Alimtafuta fundi wa kuchomelea, akampata Fidele Nsengimana, Mrundi aliyekuwa akiishi kambi ya Mtabila na kuja mjini kutafuta kibarua. Fidele alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Alizunguka kombi mara mbili, akaweka kiganja mlangoni.

"Bwana fundi, mlango ni mdogo, kiti ni kikubwa. Tunakata."

Wakakata. Walikileta kiti, kikapita kama kimezaliwa humo. Wakamleta Nasma akiwa amekikalia, na kichwa chake kikagonga fremu ya juu, ko! Walikuwa wamepima kiti kitupu.

"Kiti mmekipatia," Nasma alisema akijisugua paji la uso. "Mimi je, mtanifunga kwenye keria kama kuku?"

Gereji nzima ilicheka, na Tamimu akacheka pia. Ikabidi wakate ukingo wa paa na kuinua fremu, na bati la kuzibia likasubiriwa kutoka Kigoma hadi masika yakapita.

Likaja suala la njia ya kupandia. Ya kwanza ilikuwa fupi. Magurudumu ya mbele yalinyanyuka hewani, na kama Fidele asingekidaka kiti, Nasma angeanguka chali.

"Huu si mteremko, Tamimu. Huu ni ukuta uliojiegemeza."

Wakatengeneza ndefu, haikuingia garini. Wakaikata vipande vitatu na kuiunga kwa bawaba, ikawa nzito hata wanaume wawili walihema kuikunjua. Fidele akaivunja yote, akaisuka upya kwa mabomba ya vitanda vibovu na wavu wa chuma, na safari hii mtu mmoja aliweza kuishusha kwa mkono mmoja. Hapo ulikuwa umepita mwaka na ushee.

Ndani nako kiti hakikuweza kugeuka. Tamimu aling'oa sinki, akang'oa kabati, mwishowe akang'oa na kitanda cha Wazungu. Kitanda kipya cha kukunja angekifunga ukutani baada ya safari ya majaribio. Penye kitanda alichomelea kulabu nne za chuma sakafuni, nene kama kidole gumba, za kufungia magurudumu kwa mikanda. Hizo ndizo alizojivunia kuliko kitu chochote.

"Hata gari lipinduke," alimwambia dada yake, "kiti hakitoki hapa."

Nasma alizitazama zile kulabu. Kisha akauliza kwa upole, "Na vile vidato vya nyumbani?"

"Dada, nyumba haiendi popote. Ngoja kwanza tumalize hili."

Mwishoni mwa mwaka 1997 lilitoka tangazo kwamba wakimbizi wote wanaokaa nje ya makambi warejee kambini. Fidele alikuja asubuhi kuaga, akakuta lori limekwisha kufika barabarani. Akapanda na wenzake, glavu zake zikabaki juu ya benchi. Tamimu akaendelea peke yake, naye hakuwa mchomeleaji hodari. Alichochomelea Jumatatu alikikata Jumatano.

Mwaka huo huo mvua za El Nino zilimwagika kana kwamba mbingu zimetoboka. Barabara ya Kibondo ilikatika mara tatu. Kiwanja cha mbele ya nyumba kikawa tope. Tunu, aliyekuwa na mimba ya mtoto wa pili, mdogo wake Dadi, alianza kuona damu, na mkunga akamkataza kuinua hata ndoo. Basi Nasma akawa anawekwa kitini alfajiri, Tamimu kabla hajatoka, na kutolewa jioni Tamimu akirudi. Siku nyingine, magari yakizidi, Tamimu alitoka bila kumwinua kabisa, akamwacha alivyolala. Jioni aliingia na vumbi la chuma kwenye kope, mkononi ana futi kamba, akapima ekseli ya kiti, akapima upana wa tairi, akaandika ukutani kwa kalamu ya seremala.

Chumba cha dada yake kilinukia udi siku zile kuliko zamani. Tamimu alifurahi. Aliona ni dalili njema, kwamba Nasma ameanza tena kujipenda.

Wiki mbili baada ya Idi, mvua ikiwa imepumua kidogo, kombi ilikamilika. Tamimu aliipiga rangi ya kijani, akaiendesha hadi nyumbani huku akibonyeza honi, watoto wakimkimbilia nyuma. Alimkuta Nasma amelala kiubavu, uso umemsawajika.

"Leo sijisikii vizuri, mdogo wangu. Tungengoja juma lijalo."

"Juma lijalo barabara itakatika tena. Kesho ni gulio Kibondo, dada. Gulio lako!"

Tunu alikuwa mlangoni. Alifungua mdomo, na Nasma akamkata jicho. "Wifi," alisema, "nitolee ile khanga yangu ya zambarau."

Kesho yake Tamimu alimbeba kuvuka vidato viwili, akamweka kitini mbele ya nyumba, akashusha njia ya kupandia. Nasma alishika matairi. Alisukuma, akapumzika, akasukuma. Jasho lilimtiririka shingoni. Akaingia mwenyewe, akageuka mwenyewe, na Tamimu akafunga mikanda kwenye kulabu.

Safari ilikuwa ndefu. Walipita Makere, wakapita lile korongo, na wote wawili wakatazama upande wa pili. Aliendesha taratibu, akisikiliza breki kwa sikio la mwizi. Kila walipoingia kwenye shimo alimwangalia Nasma kwenye kioo, naye kila mara alimpungia mkono.

Gulioni Kibondo watu walidhani ni gari la shirika. Mlango ulipofunguka, njia ikashuka, na Nasma akateremka juu yake taratibu, mikono imebana matairi, watu waliacha kupatana bei. Kisha mwanamke mmoja aliacha maharage yake yakimwagika chini. Alikuwa Esteri, aliyekuwa akipanga bidhaa zake kando ya Nasma kwa miaka saba.

"Yampayinka!" alimaka kwa Kiha. "Mama Vitenge! Walituambia umekufa!"

"Aliyekufa ni miguu," Nasma akamjibu. "Ulimi bado."

Walikumbatiana wakalia. Watu walimzunguka, wakamletea ndizi, wakamletea mtoto aliyepewa jina lake. Alijibishana bei ya kitenge na mwuza nguo mgeni mpaka yule mwuza nguo akasalimu amri. Tamimu alikaa juu ya njia ya kupandia, akala muhogo wa kuchoma, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kifua chake kilikuwa chepesi. Muda huo haukufika saa mbili.

Esteri ndiye aliyekuja kumwita. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Dada yako anatetemeka," alisema kwa sauti ya chini. "Na kuna kitu kinavuja chini ya kiti. Si mkojo, baba. Njoo uone."

Hospitalini daktari alimgeuza Nasma kifudifudi, akafunua khanga. Alimwita Tamimu nyuma ya pazia. Juu ya matako, pale mwili unapokutana na kiti, palikuwa na shimo ambalo ngumi ingeingia, na ndani yake mfupa ulionekana. Harufu iliyokuwa imefunikwa na udi ilikuwa pale sasa, haina kifuniko.

"Kidonda hiki kina miezi," daktari alisema. Hakuwa mkali, na ingekuwa afadhali angekuwa. "Sumu imeshaingia kwenye damu. Alikuwa anakaa muda gani bila kugeuzwa?"

Tamimu alihesabu kwa vidole, alfajiri hadi jioni.

Walikaa Kibondo siku kumi na mbili. Dawa hazikushinda homa. Siku ya kumi na tatu Nasma aliomba arudishwe Kasulu, na daktari, aliyejua maana ya ombi lile, hakubishana. Alitoa sharti moja tu: asikae tena kitini hata dakika moja, alazwe kwa tumbo.

Tamimu alifungua mlango wa kombi na kusimama akitazama ndani. Kila kitu kilikuwa kimepimwa kwa ajili ya kiti. Kitanda hakikuwapo. Godoro lilipotandikwa, kulabu nne zilisimama katikati yake kama pembe. Alikwenda kuazima msumeno wa chuma kwa fundi baiskeli, akapiga magoti ndani ya gari kwenye jua la saa sita, akazikata moja baada ya nyingine. Alikuwa amezichomelea vizuri mno. Ilimchukua mchana mzima, na viganja vyake vilitoa damu.

Walisafiri usiku. Nyumbani, walipomlaza chumbani asubuhi, Tamimu hakutia kitu kinywani. Alichukua nyundo, akatoka, akaanza kuvunja vidato vya mlangoni. Saruji ilikuwa mbovu, vilivunjika upesi. Kufikia adhuhuri alikuwa amekwisha kuchanganya zege na kulisawazisha.

"Tamimu!" sauti dhaifu iliita kutoka ndani. "Unafanya nini huko?"

"Natengeneza njia, dada. Ya kutokea."

Nasma akauliza: "Ya nani?"

Aliingia akapiga magoti kando ya kitanda, mikono imejaa saruji. Nasma alikuwa amelalia tumbo, shavu kwenye mto, jicho moja tu likimwona.

"Ungeniambia," alisema Tamimu. "Dada, ungeniambia kuna kidonda."

"Ungeliacha gari."

"Ningeliacha! Ningelichoma moto!"

"Ndiyo. Na ungebaki na nini?" Alipumua kwa shida. "Tangu ile siku hukuwahi kulala usingizi wa haki, nilikuwa nakusikia ukitembea. Nikasema acha amalize, akimaliza atalala. Mimi ndiye niliyekulea. Nilidhani nitaweza kungoja."

Alikufa siku ile ile, Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Tunu ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Walimtoa nje juu ya jeneza la msikiti, zege la mlangoni likiwa bado halijashika vizuri, na nyayo za waliombeba zikabaki humo.

Baada ya arobaini, Tamimu na Tunu walikuwa wameketi uani. Mtoto mchanga alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Tamimu alikuwa amekonda, kanzu inamwelea. Ndipo akasema lile lililokuwa likimkaba.

"Mama Dadi, wewe ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha kwa Msahafu."

"Hata hivyo."

Tunu alimfunika mtoto miguu. Alipojibu hakupandisha sauti.

"Nilisubiri uniulize, Baba Dadi. Nilisema siku atakayouliza dada yake ameshindaje, nitavunja kiapo, Mungu atanisamehe. Kila jioni uliingia ukaniuliza kiti kimewekwa wapi, upime. Miaka miwili ulipima kiti."

Tamimu aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba alimpenda. Lakini hilo Tunu alilijua, na Nasma alilijua kuliko wote, na halikuwa limemsaidia kitu.

Mtoto aliamka akaanza kulia. Tunu akainuka naye, akaingia ndani kumnyonyesha. Tamimu akabaki uani peke yake, mikono imelegea juu ya magoti, mchana bado mrefu mbele yake na hajui la kuufanyia.